Jouli zinaishia wapi? Shajara ya roboti panzi, Mbeya

Wiki ya 1

Lengo: roboti isiyozidi gramu 30, iruke juu zaidi ya mita 1 kutoka sakafu ya saruji, kisha ijikunje yenyewe na kuruka tena bila kushikwa. Kazi inafanyika Iyunga, hapa Mbeya. Vipuri vingi vinatoka soko la Mwanjelwa, vichache vinakuja na basi la Dar es Salaam.

Kabla ya kukata chochote, hesabu. Kuinua gramu 28 hadi mita 1.2 kunahitaji jouli 0.33 za nishati. Kidogo sana. Tatizo ni muda: mguu wa urefu huu unaachana na ardhi ndani ya milisekunde 30 hivi, na jouli 0.33 ndani ya milisekunde 30 ni wati 11. Mota ndogo ya N20, ile yenye sanduku la gia la chuma na uzito wa gramu 10, haitoi hata wati 1 ikilishwa na betri moja ya volti 3.7. Kwa hiyo mota haitarusha kitu. Itavuta mpira polepole, kisha mpira ndio urushe.

Wadudu walikutana na tatizo hilohilo, maana msuli nao ni mzito wa kuamka. Nzige hukunja mguu wa nyuma kabisa, msuli wa kunyoosha na wa kukunja ikavutana kwa milisekunde 300 hadi 600, nishati ikajikusanya kwenye sehemu ngumu za goti na kwenye kano. Msuli wa kukunja ukilegea, mguu unafyatuka ndani ya milisekunde 20 hadi 30 na mdudu anaondoka kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Jambo lililotuvutia zaidi: msuli wa kukunja ni dhaifu kuliko wa kunyoosha, lakini mguu ukiwa umekunjwa kabisa, wa kunyoosha unakuwa na wenzo mfupi mno na wa kukunja una wenzo mrefu. Mnyonge anamshikilia mwenye nguvu kwa sababu amesimama mahali pazuri. Hilo ndilo tulilolichukua kwa nzige. Sura yake hatukuihitaji. (Na nzige hatukumtafuta mbali: bonde la Rukwa, nyuma ya milima hii, ni moja ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu.)

Kwa kulinganisha: roboti ya chuo cha EPFL cha Uswisi ya mwaka 2008 ilikuwa na gramu 7 na iliruka mita 1.4. Ile ya Israeli ya 2015 iliyoiga nzige, gramu 23, ilizidi mita 3. Ile ya Santa Barbara, Marekani, ya 2022 ina gramu 30 na ilipanda karibu mita 33. Kwa hiyo mita 1.2 haivunji rekodi ya mtu yeyote. Inatosha kutufundisha.

Wiki ya 2 na 3: mguu

Umbo: almasi mbili zinazofanana, zimesimama sambamba kwa umbali wa milimita 40. Kila almasi ina vijiti vinne vya milimita 60 kutoka tundu hadi tundu: viwili vinatoka nyongani, viwili vinakutana kwenye unyayo. Mpira unafungwa mlalo, kutoka goti la mbele hadi goti la nyuma. Uzi unavuta unyayo kwenda juu, magoti yanatanuka, mpira unavutika.

Mguu ukiwa umenyooka, urefu kutoka nyonga hadi unyayo ni milimita 115 na magoti yameachana milimita 34. Ukikunjwa hadi milimita 30, magoti yameachana milimita 116. Kani inayofika kwenye uzi ni kani ya mpira mara urefu wa mguu gawanya kwa upana wa magoti. Chini kabisa, 30 kwa 116 ni kama 0.26. Mpira ukivuta nyutoni 14, uzi unashika nyutoni 3.6 tu, uzito wa chupa ndogo ya maji isiyojaa. Katikati ya safari kani hupanda hadi nyutoni 8 na nusu. Maana yake kulabu ya kufyatulia haihitaji kuwa imara, na huo ndio ujanja wa goti la nzige.

Vijiti ni vya mwanzi. Chagua mwanzi uliokomaa, si machipukizi yanayokatwa ncha kukingia ulanzi. Hayo bado laini, yana maji, yakikauka yanajikunja. Pasua, kisha chonga kijiti cha milimita 4 kwa 2. Acha ganda la nje bila kuligusa kwa tupa, kwa sababu nyuzi nyingi za mwanzi ziko hapo. Mtu akilikwangua ili kijiti kipendeze, ameondoa sehemu iliyokuwa inamlipa. Kausha kivulini wiki mbili.

Mwanzi hupasuka kwenye tundu. Vijiti 11 kati ya 20 vya kwanza vilipasuka wakati wa kutoboa. Dawa: zungushia ncha uzi wa nailoni wa kushonea viatu, mizunguko 12 iliyobanana, loweka kwa supa gluu, subiri saa moja, ndipo utoboe katikati ya fundo. Tangu hapo kimepasuka kimoja tu.

Nyongani kila kijiti kinaishia kwenye gia, na gia ya mbele inaumana na ya nyuma, ili magoti yatanuke sawasawa. Bila hiyo unyayo huenda upande. Kuna mdudu mdogo wa Ulaya, Issus, ambaye watoto wake wana meno ya gia kabisa juu kwenye miguu ya nyuma. Malcolm Burrows na Gregory Sutton walilieleza jambo hilo mwaka 2013. Miguu yake miwili hupishana kwa mikrosekunde 30 tu. Mdudu huyo akijivua gamba la mwisho na kuwa mkubwa, gia hazipo tena, na maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba jino likivunjika kwa mdudu aliyekomaa halioti jingine.

Wiki ya 4

Umeme umekatika mara nyingi. Printa ya 3D haikumaliza hata gia moja. Tumegeukia gia za plastiki nyeupe kutoka kwenye printa za karatasi zilizokufa. Ni imara kuliko tulizokusudia kuchapisha.

Wiki ya 5: mpira upi?

Aina tatu zilipimwa. Namna ya kupima haihitaji mashine: ning'iniza mpira kwenye msumari, chini yake funga chupa ya lita 1.5, ongeza maji mililita 100 kila mara na upime mvutiko. Kila mililita 100 ni karibu nyutoni 1. Ukifika mwisho, nyonya maji kwa mrija, mililita 100 kila mara, upime tena wakati wa kurudi. Chora mistari miwili. Eneo chini ya mstari wa kwenda ni nishati uliyoweka, chini ya mstari wa kurudi ni uliyorudishiwa. Pengo kati yao limekuwa joto.

Tyubu ya baiskeli, ambayo kila mtu anaikimbilia kwa sababu ndiyo ya manati, ilirudisha asilimia 55 tu. Tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kutengenezwa viwandani. Butili inazuia hewa vizuri, lakini kurudi haraka si kazi yake. Rababendi za kufungia karatasi zilirudisha asilimia 80 zikawa zinakatika baada ya mivuto michache. Mpira bapa wa manjano, ule wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu, ulipokea jouli 0.63 na kurudisha 0.55, yaani asilimia 87. Umechaguliwa huo: vipande viwili vya upana wa milimita 6, gramu 1.5 kwa jumla. Resilini, protini ya mnyumbuko iliyomo kwenye bawa la nzige na kwenye kifua cha kiroboto, hurudisha karibu asilimia 97. Mwanya huo hatutauziba.

Usiuache mpira umevutwa. Ukikaa umekunjwa dakika 10, mruko unaofuata unapungua kwa jicho tupu. Roboti ihifadhiwe imenyooka, kivulini, ndani ya bahasha. Jua la huku juu linaupasua mpira kwa siku chache.

Wiki ya 6: kufyatua

Wazo la kwanza lilikuwa gia yenye meno nusu duara. Meno yanavuta bobini, yakiisha bobini inakuwa huru na mguu unafyatuka. Ni rahisi kuchora. Imeshindwa kwa sababu tatu. Nishati yote ya mruko lazima iingie ndani ya mzunguko mmoja, kwa hiyo bobini ikawa kubwa, radiasi milimita 16, na mota ilikaribia kusimama katikati. Pili, jino la mwisho hubeba mzigo likiwa limegusa ncha tu, likawa mviringo baada ya miruko 9. Tatu, bobini huru ilizunguka kupita kiasi na uzi ukajifunga fundo kwenye mhimili.

Sasa ni kulabu. Bobini ni ya cherehani, ya plastiki, shina lake lina radiasi ya milimita 4. Tundu lake ni kubwa kuliko mhimili wa mota, hivyo lijaze gundi ya vichupa viwili, acha usiku mzima, kisha utoboe upya milimita 2.9 katikati. Uzi ni mshipi wa kuvulia uliosukwa. Mshipi wa kawaida wa nailoni huvutika wenyewe na kukudanganya kipimo. Mpangilio wa kazi:

Mota (uwiano 1:298) inavuta milimita 85 za uzi, mizunguko 3.4, sekunde 5. Unyayo unapanda mpaka ufito wake unanaswa na kulabu iliyokunjwa kutoka kwenye pini ya usalama. Swichi ndogo ya kipanya kibovu inagundua kunaswa. Mota inageuka, inaachia uzi wote ulegee. Ikiendelea kugeuka kidogo, uzi wa pili mfupi unavuta kulabu nyuma, mguu unafyatuka bila kuburuta mota wala bobini.

Faida iliyofichika: unyayo unanaswa mahali palepale kila mara, kwa hiyo betri ikidhoofika mruko haupungui. Kinachoongezeka ni sekunde za kuvuta.

Pembe ya kulabu ndiyo iliyotusumbua. Uso wa kunasa ukiwa mlalo kabisa, mota haiwezi kuiondoa. Ukiinama nyuzi 15, mtikisiko wa gia unaifyatua kabla ya wakati. Nyuzi 6 hivi zimefaa. Ipigwe msasa laini, maana mkwaruzo mmoja wa tupa unatosha kuharibu kila kitu.

Uzito wote, gramu: mota 10, fremu ya plaiwudi ya milimita 2 ni 5, miguu na nyayo 4.5, betri ya mAh 100 ya droni ya kuchezea 3, gia na bobini 2, saketi (chipu ya ATtiny85, kibao cha kuendeshea mota cha DRV8833, swichi) 2, mpira 1.5. Jumla 28.

Wiki ya 7: sentimita 62

Mpira unarudisha jouli 0.55, ambazo zingeinua gramu 28 hadi mita 2. Roboti imepanda sentimita 62, yaani jouli 0.17. Thuluthi mbili zimepotea na hakuna anayejua zilikokwenda.

Kipimo: tepu imebandikwa ukutani, simu ya picha 240 kwa sekunde imewekwa mita 2 kutoka ukutani, kwenye kimo kilekile cha kilele kinachotarajiwa. Ukiiweka sakafuni, unasoma kilele cha uongo.

Wiki ya 8: msako

Hii ndiyo wiki iliyokuwa na manufaa kuliko zote, na hakuna kilichotengenezwa kwa siku tatu za kwanza. Chupa ile ya maji ilirudi kazini, safari hii ikining'inia kwenye uzi wa mguu mzima uliounganishwa tayari. Kuukunja kulitaka jouli 0.77. Uliponyooka polepole ulirudisha 0.41. Mpira peke yake ni 0.63 na 0.55. Kwa hiyo jouli 0.14 zinaliwa na viungo wakati wa kwenda, na 0.14 nyingine wakati wa kurudi.

Viungo vilikuwa spoki ya milimita 2 ndani ya tundu tupu la mwanzi. Spoki inasaga nyuzi, tundu linakuwa yai, kijiti kinalala upande na kubana mwenzake. Dawa imetoka kwenye antena ya redio mbovu, ile ya kuvutika: mirija yake ni shaba nyembamba ya vipimo mbalimbali, na mmoja kati yake hupokea spoki bila kucheza. Kata vipande vya milimita 4 kwa kuuzungusha chini ya wembe wa msumeno mwembamba, ukwangue kingo za ndani, gandisha ndani ya mwanzi, weka tone la mafuta ya cherehani. Weka washa ya plastiki ya chupa kati ya kijiti na kijiti. Uzito umeongezeka gramu 0.3. Kukunja sasa ni jouli 0.66, kurudi 0.52. Mruko: sentimita 92.

Kisha nyayo. Mguu unaponyooka, mwili unakwenda kasi na unyayo bado umetulia ardhini. Wakati wa kuachana na ardhi, mwili unaunyanyua unyayo kwa mshtuko, na mshtuko huo unakula nishati kwa uwiano wa uzito wa unyayo kwa uzito wote. Gramu 4.5 za miguu na nyayo zingekuwa zimetulia zote chini ya roboti ya gramu 28, hasara ingefika asilimia 16. Gramu moja ikiwa mwilini inakugharimu uzito wake. Ikiwa unyayoni inakugharimu mara mbili. Tulikuwa tumeweka ufito wa spoki wenye gramu 1.2 na boliti mbili na nati zake. Ufito sasa ni kijiti cha mishikaki, gramu 0.2, boliti zimebadilishwa na uzi uliofungwa na kugandishwa. Roboti imeshuka hadi gramu 26.2, imepanda hadi sentimita 109. Hata mguu wa nzige unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka.

Mpira wa unyayo: soli ya kandambili inashika vizuri lakini inameza nishati kama godoro. Hapa ndipo tyubu ya baiskeli ilipopata kazi, kipande cha milimita 8 kwa 8. Kwenye vigae bila hicho unyayo huteleza na roboti inalala chali papo hapo.

Wiki ya 9: kupinduka

Kwenye video roboti inapiga sarakasi mizunguko mitano hadi saba kwa sekunde. Nishati ya mzunguko wenyewe ni ndogo, chini ya jouli 0.03, lakini mwili ukianza kuinama mguu ukiwa bado unasukuma, msukumo unakwenda pembeni. Chanzo: betri ilikaa mbele, kitovu cha uzito kilikuwa milimita 9 mbele ya mstari wa unyayo.

Namna ya kukipata kitovu: ning'iniza roboti kwa uzi kutoka pembe moja, piga picha, chora mstari wa uzi, rudia kutoka pembe nyingine, mistari inakutana kwenye kitovu. Fanya hivyo roboti ikiwa imekunjwa na pia ikiwa imenyooka. Betri imehamishwa hadi tofauti ikawa chini ya milimita 1. Mruko: sentimita 127, mzunguko mmoja au pungufu. Hiyo ni jouli 0.33, asilimia 63 ya kinachorudi kutoka mguuni.

Swali limeulizwa mara kadhaa: je, hewa nyepesi ya Mbeya inasaidia? Kwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Ila kwa roboti ya ukubwa huu hewa yote inakula kama asilimia 5 ya kimo, kwa hiyo tofauti kati ya miji hiyo haifiki sentimita 2. Kwa kiroboto habari ni nyingine: kadiri mdudu anavyokuwa mdogo, eneo lake hubaki kubwa kwa uzito alionao, na hewa inamshika.

Baridi ina athari kubwa kuliko hewa. Alfajiri ya nyuzi 9 roboti ileile ilipanda sentimita 116. Mchana wa nyuzi 22 ikarudi 127. Betri haihusiki, kulabu inanasa palepale. Mpira ukipoa unarudisha kidogo. Pima kila mara na uandike joto pembeni, la sivyo utasifia marekebisho yaliyofanywa na jua.

Wiki ya 10: magoti kugeuka

Mruko wa 41 ulivunja meno matatu ya gia ya nyonga. Video inaonyesha magoti yakipita mstari na kugeukia ndani, kama mwavuli uliopigwa na upepo. Mguu ukikaribia kunyooka kabisa, wenzo unakuwa mkali na kasi iliyobaki inapasua chochote. Mwanzoni tuliweka kizuizi cha msumari kwenye gia, msumari ukageuka nyundo. Sasa mpira umefungwa ili ulegee magoti yakiwa bado yameachana milimita 38, na kizuizi cha milimita 34 kimevikwa tyubu tabaka mbili. Miruko 60 imepita bila jino kuvunjika. Kimo kimeshuka sentimita 2, tumekubali.

Vaa miwani. Mara mbili pini ya goti imechomoka ikaruka kuelekea usoni.

Wiki ya 12

Betri: mzunguko mmoja wa kukunja na kulegeza unatumia mAh 0.3 hivi, yaani jouli 4 za umeme kwa jouli 0.66 ndani ya mguu. mAh 100 zingetosha miruko 300 kwa hesabu. Mpira huanza kuchanika kwenye fundo baada ya miruko 120, basi badilisha ufikapo 100.

Kilichobaki ni kutua. Kati ya miruko 20 roboti imesimama yenyewe mara 3. EPFL waliizungushia yao kizimba cha duara chenye uzito ndani upande wa chini, ikawa inajiinua. Tumejaribu kizimba cha vipande sita vya mwanzi wa milimita 1.5, uzito gramu 5.8: inasimama mara 14 kati ya 20, kimo kimeshuka hadi sentimita 96. Lengo la mita 1 limepotea kwa sentimita 4, na la gramu 30 kwa gramu 2 hivi. Jaribio linalofuata ni mwanzi wa milimita 1, pete nne badala ya sita, na kushusha mota chini ya fremu ili uzito wa chini usiwe kitu cha kuongeza. Vijiti viko kivulini vinakauka, bado siku tisa.